Jioni Niliyozima Taa ya Soko

Mulika mwizi, mlingoti mrefu wenye taa sita kali, ilipowashwa mara ya kwanza sokoni Kyuso, nilipiga makofi pamoja na wengine. Maduka mawili yalikuwa yamevunjwa mwezi huo. Lakini taa zile zilitazama kila upande, hata juu, na mwanga ukafika hadi uwanja wa shule nilikofundisha jiografia. Wanafunzi wangu, waliozoea kuhesabu nyota za Kilimia moja moja, sasa waliona anga la rangi ya majivu.

Nilienda ofisi ya wadi mara tatu kuomba taa zifunikwe kwa juu. Mara ya tatu karani aliniuliza kama nyota hupiga kura.

Jioni moja, giza lilipoingia tu, nilifungua kisanduku cha swichi chini ya mlingoti. Hakikuwa na kufuli. Dakika kumi tu, nilijiambia. Nikazima, nikakimbilia uwanjani. Wanafunzi niliowaita walikuwa wamelala chali nyasini, na wote wakavuta pumzi kwa pamoja, kama watu waliofunguliwa dirisha.

Ndipo sauti ikatoka sokoni. “Mwizi! Mwizi!”

Nilirudi mbio. Mama muuza ndengu alikuwa ametumbukia mtaroni gizani, na waliomsikia akilia walidhani ameporwa. Umati ulikuwa umemkamata mwanamume mgeni, mpakiaji wa mbuzi aliyekuja na lori, kwa kuwa alisimama karibu na mlingoti. Shati lake lilikuwa limeraruka. Mtu mmoja alishika jiwe.

“Ni huyu amezima stima! Wenzake wako wapi?”

Sitaficha: kwanza niliifikiria kazi yangu. Kisha mgeni yule akapigwa kofi, akapiga magoti.

“Mwachilieni!” nilisema. “Ni mimi nilizima.”

Jiwe halikushuka upesi. “Mwalimu? Wewe?” Walinitazama kana kwamba nimewatukana. Nilipita katikati yao nikawasha taa, nao wakaona kuwa ni kweli.

Mwalimu mkuu alinipa barua ya onyo. Iliyonitisha zaidi ni safari ya kwenda kwa mama muuza ndengu. Nilimkuta ameketi dukani, goti limefungwa.

“Duka langu limevunjwa mara mbili,” alisema. “Hizo nyota zako zitanilindia magunia?”

“La, mama. Lakini ule mwanga unaoenda juu pia haukulindii chochote. Ukifunikwa, wote utashuka hapa mlangoni pako.”

Alitupa macho mlangoni. Halafu akasema, “Hilo ungelikuja kutuambia sisi. Si kutuzimia.”

Ni yeye aliyewashawishi wenye maduka wamwite fundi wa kuchomelea vyuma. Ofisi ya wadi ilikubali, taa nne kati ya sita zikavishwa kofia za bati. Mbili bado zinatazama juu, na upande wa mashariki hatuoni nyota. Mpakiaji yule aliondoka na lori lake kuelekea Mwingi usiku uleule wa kuzimwa taa. Sikuwahi kumwomba msamaha.