Nusu ya Leso na Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu alirudi kwangu Gesima na begi la nguo na sufuria yake ya ugali. Begi peke yake halingenishtua. Mwanamke akija na nguo, amekuja kusalimia. Akija na sufuria, huyo ametoka kwa mtu.

Nilikuwa natoka shambani na kikapu cha majani chai mgongoni. Nikamsalimia vile nimemsalimia tangu akiwa mtoto: "Karibu, mke mwenzangu." Akaweka sufuria chini, akalia mpaka mbwa aliyekuwa akibweka akanyamaza.

Nieleze hapo, maana si kila mtu ni Mkisii. Kwetu mjukuu wa kike ni bibi mdogo wa babu yake. Ni mzaha wa tangu zamani. Marehemu mzee wangu alikuwa akimwambia, "Bibi yangu mdogo, huyu mkubwa amenipikia mboga chungu tena, wewe utanipikia nini?" Naye mtoto anampikia matope kwa kifuniko, mzee anasifu. Kwa hivyo mimi nikamwita mke mwenza, na hakuna aliyewahi kulilia neno hilo. Siku hiyo lilimtonesha kidonda.

Kidonda chenyewe kilikuwa leso. Bwana yake ni mtu wa kununua ndizi na kupeleka Keroka. Alimletea leso ya maua mekundu, imeandikwa kwamba moyo wake hauna mgeni mwingine. Mtoto akafurahi, akaivaa kila mahali. Lakini leso inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana, unakata katikati. Yeye alipewa kimoja. Akafikiri bwana yake ni bahili tu, akamsamehe. Halafu akaenda soko la Keumbu kutafuta parachichi, na kile kipande cha pili akakikuta kimefungwa kiunoni mwa muuzaji. Maua ni yale, maneno ni yale. Aliniambia waliangaliana, wakaangalia leso, halafu yule mwanamke akampunguzia bei.

Hakuenda kwa mama yake, na alifanya sawa. Mambo ya ndani ya nyumba humwambii mama yako. Tunaita ensoni, ni heshima na aibu zimepikwa sufuria moja. Lakini magokoro, yaani nyanya, anaambiwa yote. Akaniambia yote, hata mengine ningependa asiniambie. Hiyo leso alitaka kuichoma. Nikamnyang'anya, nikaifunga kiunoni. Nguo haijamkosea mtu.

Shida ni kwamba alikuwa hali vizuri na hasemi. Na bwana yake akatuma neno kwamba Jumapili atakuja na baba yake mkubwa kumchukua. Nilijua vile itakuwa. Wazee wataongea, yeye ataangalia chini, na mzee atasema, "Amenyamaza, basi amekubali." Kwetu kimya cha mwanamke mbele ya wazee kinahesabiwa kuwa ndiyo. Angejikuta kwenye pikapu na sufuria yake kabla hajajua kama anataka kurudi au hataki.

Rafiki yake alikuwa amemuingiza kwa kikundi fulani cha simu. Wanawake waliosalitiwa na mabwana wao wanakutana humo na kaunsela, kila mtu akiwa kwake. Nikamwambia, "Hata mimi najua kusikiliza, na sili bando."

Akasema, "Magokoro, wewe unasikiliza ukitafuta fimbo."

Sikubishana, maana nilikuwa nimeishika.

Kwangu netiwaki iko mahali pamoja tu, kando ya nyumba ya kuku. Basi akawa anakaa hapo juu ya debe, simu ameiegemeza kwa matundu ya waya. Kaunsela alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Kila mara alianza kwa kumuuliza, "Uko peke yako?" Naye anajibu, "Niko na kuku." Halafu wanafundishwa kuvuta pumzi, kuishika na kuiachilia. Mimi nimevuta pumzi maisha yangu yote bila mwalimu, lakini nilinyamaza, nikaendelea kupalilia mboga karibu karibu.

Ijumaa kabla ya wageni kufika, uji ulikuwa unapoa. Nikampelekea. Nikainama na kikombe, na leso yangu kiunoni, nikasema kwa Kiswahili nionekane nina adabu mbele ya watu: "Mke mwenzangu, kunywa huu kabla haujaganda."

Kwa simu kila mwanamke alikuwa na kidirisha chake.

"Huyo ni nani?" kaunsela akauliza.

Mmoja mwenye rola kichwani akasogea mpaka nikaona pua tu. "Amesema mke mwenza. Nimesikia na masikio yangu."

"Na leso ndiyo hiyo," akasema mwingine. "Maua mekundu. Si ndiyo ile tuliambiwa?"

"Kwani mnakaa naye boma moja?"

"Na anampelekea uji, jamani."

"Akina dada, tupumue kidogo," kaunsela akasema.

"Mimi nitapumua baadaye," akasema wa rola. "Mama, una miaka mingapi?"

Nikamwambia, "Mwaka siujui, lakini nilizaliwa Wazungu wakiwa bado hapa."

Akauliza tena, "Na huyo mwanamume alikupendea nini?"

Nilifikiri anauliza habari za marehemu mzee wangu. "Alipenda vile nalima," nikamjibu. "Na sikuwa na maneno mengi."

Yule mama akashika rola zake. "Dada, pole," akamwambia mjukuu wangu. "Wangu alienda na msichana wa saluni, nikaona nimeonewa. Kumbe kuna makubwa."

Hapo mjukuu wangu akacheka. Si kicheko cha kanisani. Alianguka kutoka kwa debe, uji ukamwagikia jogoo, kuku wakatoka wote. Alipoweza kuongea akawaeleza mimi ni nani, na wale wanawake wakacheka mpaka kaunsela naye akatoa miwani kufuta macho. Halafu yule kaunsela, na hapo nilimheshimu, akamwambia, "Sasa ukiwa hivyo hivyo, tuambie utasema nini Jumapili." Akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Wakamwambia arudie. Wa rola akasema, "Mwambie mke mwenzako, usituambie sisi." Akageuka akaniambia mimi, na mara hiyo hata jirani ng'ambo ya mto angesikia.

Jumapili wakaja na kreti ya soda na sukari. Baba mkubwa wa bwana yake akaongea sana kuhusu jiko lisilo na moto. Mjukuu wangu akaangalia chini. Mzee akajipangusa mdomo, akasema, "Mtoto amenyamaza, basi amekubali."

"Sijakubali, baba," akasema. "Nilikuwa navuta pumzi. Sirudi sasa. Nikiwa tayari kuongea nitamwita yeye mwenyewe, bila pikapu."

Mzee akanigeukia. "Mama, huyu amefundishwa na nani?"

"Umemsikia. Anajua kupumua," nikamwambia.

Bwana yake hakuwa na mahali pa kuweka macho, akayaweka kiunoni mwangu. Naona alitaka kuwa mzuri kwangu. "Nyanya, hiyo leso imekupendeza."

"Ni nusu tu," nikasema.

"Nusu ya nini?" mzee akauliza.

Kijana akainuka, akasema anaenda kuangalia gurudumu. Aliliangalia mpaka soda zikaisha.

Walipoondoka, mjukuu wangu alichukua ile sufuria yake akapika ugali, akala na kukwangua ukoko. Kama atarudi kwake au hatarudi sijui, na yeye pia bado hajui. Siku ya kikundi iliyofuata alikaa kwenye debe na sindano, akipinda ule upande wa leso uliokatwa, maana ulikuwa unatoka nyuzi na mimi nilikuwa naukanyaga. Wa rola akauliza mke mwenza yuko wapi. Nikainama mbele ya simu nikamwambia niko hapa, na achane hizo nywele, rola si kofia.