Tulivyomfungia Mwalimu Mkuu Geti kwa Miiba

Kuna siku moja naikumbuka hata nikiwa nasuuza vyombo, mwanangu. Ni ile siku tulimfungia Madam Ndinda geti ya shule na miiba, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala.

Najua mimi si mzee. Nina miaka ishirini na tatu na cheti cha fomu foo ambacho kinakaa tu kwa sanduku. Nasaha ni kazi ya wazee. Lakini wazee wetu siku hizi ukiwauliza mambo ya shule wanasema, "Hiyo ni maneno ya serikali," halafu wanarudi kuangalia mbuzi. Sasa nani atakuambia? Wacha niseme mimi, na ukikua usome.

Madam Ndinda alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari yetu hapa juu ya Tawa, Makueni. Mtu wa Kitui, mfupi, haongei sana, na mimi mwenyewe alinifundisha. Wakati huo masomo yalikuwa yanabadilishwa. Watoto wa gredi ya tisa walikuwa wanaambiwa wachague njia: sayansi na teknolojia, ile wanaita STEM, ama sanaa, ama mambo ya jamii. Dada yangu Mwende alikuwa mmoja wao. Mwende alitaka udaktari, na si kwa mdomo tu. Kuku akifa hapa nyumbani, ni yeye alikuwa anampasua aone ni nini kimemuua. Sisi tunashika pua, yeye anaita, "Kujeni muone ini!"

Basi Madam akaita mkutano wa wazazi. Mama alikuwa Mombasa kazini, kwa hivyo mimi ndiye nilienda kumsimamia Mwende. Madam akasimama akasema bila kuzunguka:

"Wazazi, mimi sina mwalimu wa fizikia. Maabara pia sina. Hapa tunaweza kufundisha lugha, historia na biashara, na tufundishe vizuri. Mtoto wa sayansi nitamsaidia achague shule iko na vifaa. Kuna moja kule Kitui naijua, nimeongea nao."

Weh! Baba Kioko, yule anauza vipuri vya pikipiki, akaruka. "Wenzetu huko nje watoto wanatengeneza roboti, na wewe unataka wetu wakae hapa waimbe historia?"

"Anaona watu wa Makueni ni wajinga!"

"Hapana, anapeleka watoto kwao! Huko Kitui wameishiwa na watoto?"

Watu wakacheka, na kicheko kikageuka makelele. Madam akajaribu, "Tafadhali, sikizeni..." Mama mmoja akamkata, "Sikiza wewe! Rudi Kitui ukasikizwe!"

Mimi nilikuwa napiga makofi. Ukweli ukiuma, mwanangu, mtu hutafuta wa kulaumu haraka sana, na huwa ni yule amesema.

Asubuhi yake tukakata matawi ya miiba tukayarundika kwa geti, vile watu hufunga boma la ng'ombe jioni. Mimi nilivuta yangu mawili. Madam alipofika akasimama, akaangalia ile miiba, akatuangalia sisi. Nilikuwa nangoja atutukane. Akaniambia tu, "Funika mtoto, jua ni kali." Akageuka akaenda. Haikupita muda akahamishwa.

Nilipofika nyumbani, Susu, yaani nyanya yako mkubwa, alikuwa anapepeta ndengu. Akaona mikono yangu imekwaruzwa.

"Ulikuwa unafunga boma gani?"

Nikamwambia, tena kwa furaha. Susu akaweka ungo chini.

"Miiba ni ya kuzuia fisi," akasema. "Nyinyi mmezuia mchungaji, na mbuzi wako ndani. Sasa mnangoja nani awafungulie?"

"Susu, dunia imebadilika. Wewe hujui hii mambo ya teknolojia."

"Sijui. Lakini najua mtu akikuambia mtungi hauna maji, humpigi. Unatafuta maji."

Nikamwona ni mtu wa zamani. Nikaingia kwa nyumba.

Mwalimu mkuu mpya alikuja na suti na maneno matamu. Mkutano wake wa kwanza alisema, "Wazazi, dunia imekuwa kijiji!" na tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Kabla hata ya kutafuta mwalimu mmoja wa sayansi, akaweka bango kubwa barabarani: STEM, roboti, kompyuta, na picha ya mtoto wa mbali amevaa miwani ya maabara. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo methali tulifundishwa darasa la sita, nikaandika na nikapata tiki. Haikunisaidia.

Siku ya kuchagua shule nilimpeleka Mwende kwa saiba, kile kibanda cha kompyuta pale Tawa sokoni. Akaniuliza polepole, "Nichague ile ya Kitui, ile Madam alisema?"

"Ya nini uende mbali? Si umeona bango?"

Akaniangalia kidogo, halafu akachagua ya hapa. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wake hapo, mwanangu. Alinisikiza.

Shule ikafunguliwa. Wiki za kwanza Mwende alikuwa anarudi amenyamaza. Nikamuuliza, "Fizikia mnafundishwa na nani?"

"Na simu."

"Simu?"

"Mwalimu wa dini anakuja na simu, anaiegemeza kwa ubao. Kuna mzungu anafundisha huko ndani. Anaongea mbio. Nikiinua mkono hanioni."

"Na maabara?"

"Ni ile stoo ya mahindi. Wameandika maabara kwa mlango."

Nilikasirika nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu akanikaribisha vizuri kabisa, akaniambia, "Mama, hata Ulaya wanasoma kwa mtandao. Walimu wa sayansi tumeomba, tunangoja." Nikaenda kwa Baba Kioko nikamwambia tuite wazazi. Akawa anapanga vipuri vyake. "Tulifukuza wa kwanza," akasema, "tukifukuza na huyu, wataona sisi ndio wabaya." Kumbe yeye mtoto wake amempeleka shule ingine, huko Machakos.

Nikasikia Madam Ndinda yuko shule ya karibu na Emali. Nikaenda. Nilijiambia yule mama ana roho nzuri, atampokea Mwende tu. Nikampata nje ya darasa. Akakuuliza wewe hali kabla yangu.

"Madam, nisaidie. Mwende anaharibika."

Akanisikiza mpaka mwisho.

"Hapa pia sina sayansi," akasema. "Na ile ya Kitui imejaa. Nimepigia mwalimu wao juu ya watoto wengine, akaniambia hata sakafu imeisha. Nafasi ya Mwende ilikuwa. Nilikuwa nimemwombea."

Hakusema ni nani alisababisha. Afadhali angesema.

Sasa Mwende anaenda shule kwa sababu sare iko. Juzi kuku mwingine alikufa, nikamwita. Akasema, "Mzikeni tu."

Mwanangu, watu husema penye nia pana njia. Mimi sijui. Mwende alikuwa na nia, na njia ilikuwa, na mimi nikasimama katikati. Sijui kama wakati wako mambo yatakuwa mazuri. Kusema ukweli sioni. Wataleta masomo mengine mapya na jina lingine, na mtu mwingine wa suti. Lakini nakuomba hivi: kiongozi akisimama mbele yako akuambie kile hana, keti umsikize mpaka amalize, hata kama ni mtu wa Kitui, hata kama watu wote wanapiga kelele. Na yule anakuahidi dunia yote, muulize swali moja tu: kesho asubuhi, nani ataingia darasani? Kama hana jina la kukupa, beba mtoto wako uende.

Mungu akupe mwalimu ambaye anajua unaitwa nani. Kama huyo mwalimu hatapatikana huku kwetu, akupe miguu ya kumfuata mahali alipo. Na siku hiyo ikifika, Mungu anizibe mimi mdomo.