Uzi Niliosema Ni Laini

Mwezi uliopita niliingia duka moja pale Kibwezi kununua kufuli. Mwenye duka alikuwa anafungua bunda la nyuzi za nailoni, zile wanawake wetu wanazosukia vikapu vya vyondo siku hizi, na harufu ikanifikia kabla sijasalimia. Ni harufu kali kidogo, kama sabuni iliyokaa karibu na mafuta ya taa. Niligeuka nikatoka. "Mzee, umesahau nini?" akaniita. Sikuwa nimesahau kitu, na hapo ndipo penye hasira yangu. Mimi ni mzee wa wajukuu, na harufu ya uzi mpya bado hunifanya nitake kumpiga mtu makofi, na mtu mwenyewe ni mimi.

Tulikaa upande wa Makueni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mto Athi. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Watu wetu hawakuwa walaji wa samaki. Mama alisema hawezi kutia chunguni kitu kisicho na miguu. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa, Kioko, alipopata kazi Malindi kwenye boti ya Mzungu aliyewapeleka wageni baharini kuvua, kijiji kizima kilimcheka. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba kazi ni kazi mradi isiwe ya Jumapili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Masika yalipofika, boti zilipandishwa nchi kavu, Kioko akaja likizo na sanduku lake la bati. Ndani yake, zikiwa zimefungwa kwa taulo kuukuu, mlikuwa na rili mbili za kukunjia uzi, moja kubwa kama sufuria ya chai na moja ndogo. Mzungu alikuwa amemwambia azisafishe, azitie mafuta, na kwa mara ya kwanza achague mwenyewe nyuzi mpya za kuzijaza. Akirudi na kazi safi, msimu uliofuata angepewa usukani. Kioko angekuwa nahodha. Alitueleza hivyo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma barua ya serikali, na hata mama aliacha kupepeta mahindi.

Nyuzi alikuwa amezinunua Mombasa, na alinifundisha kuzitofautisha pale uani, chini ya upenu wa jiko. Uzi mwembamba, usiovutika sana, ulikuwa wa rili ndogo, kwa uvuvi wa chini kabisa. Boti husimama, risasi, kile kipande kizito cha kuzamishia, inauvuta uzi mpaka kwenye miamba, na kidole chako lazima kisikie samaki akionja tu. Uzi mnene ulikuwa wa rili kubwa, kwa uvuvi wa kuburuta, chambo kikiifuata boti mbio juu ya maji. Huo hutakiwa uvutike kidogo, maana samaki mkubwa anaurukia kama lori linalogonga ukuta.

"Sasa si ununue mnene kabisa, kama kamba ya ng'ombe?" nilimwuliza.

"Ukiwa mnene sana, rili inabeba mfupi. Samaki anakimbia, uzi unaisha, unabaki na rili tupu na aibu."

Ili nielewe, alinifunga uzi mnene kiunoni akaniambia nikimbie kupitia shamba la mbaazi, naye akakaa kwenye kigoda na rili magotini. "Kimbia kama umeona baba na fimbo!" Nilikimbia. Rili ililia, uzi ukavutika, nikarudishwa nyuma taratibu nikipiga mateke na kucheka mpaka machozi. Rafiki yangu Ndolo, aliyekuwa ameegemea ua, alipiga kelele: "Jamani, Kioko amevua ndugu yake! Atauzwa kilo ngapi?"

Lakini jambo alilolisisitiza Kioko zaidi ya yote lilikuwa kupapasa. Kabla ya kurudi kazini, uzi wote hukunjuliwa na kukunjwa tena ukipita katikati ya vidole viwili, pole pole, hatua kwa hatua. Mahali palipokwaruzwa na jiwe, hata kama jicho halioni, kidole kitakuambia. Hapo unakata, hubembelezi.

Wiki ya mwisho ya likizo, Kioko na baba walikwenda Makindu siku mbili kujuana na wazazi wa msichana ambaye kaka alitaka kumwoa. Ndolo alikuja asubuhi hiyo hiyo. "Huo uzi wa kaka yako unaweza kuvuta wewe tu," alisema. "Kambare wa Athi ataucheka." Ningeweza kuchukua rili ndogo. Nilijua kabisa ndiyo ya kazi ile, nilikuwa nimefundishwa. Nilichukua kubwa kwa sababu ilikuwa kubwa, na kwa sababu nilitaka Ndolo afunge mdomo.

Tulifunga nati ya lori iwe risasi, tukatia utumbo wa kuku kwenye ndoana, tukatupa kwenye kidimbwi chini ya mawe meusi. Kambare alikuja baada ya muda mrefu, akameza, akaingia chini ya mwamba. Tulivuta, akavuta. Niliusikia uzi ukisuguliwa jiweni, sauti kavu kama msasa, na sikuacha kuvuta. Tulimtoa. Tulimchoma pale pale ukingoni, nusu mbichi, na Ndolo alikiri kwamba uzi ni uzi.

Nilipokuwa naukunja nilipapasa. Hatua kama thelathini kutoka mwisho, kidole kiliguna. Urefu wa mkono mzima ulikuwa umeparuka. Kukata kungepunguza uzi, na Kioko alikuwa ameujaza mpaka ukingoni mwa rili, angeona. Nikapaka mafuta, nikaukunja ukaingia ndani, nikairudisha rili kwenye taulo.

Aliporudi kutoka Makindu alikuwa na furaha iliyomfanya mzembe, akapasua kuni huku anaimba, shoka likamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Basi la Mombasa lilikuwa la kesho yake. Jioni aliniita, kitambaa cha damu mkononi.

"Musyoki, mimi vidole sina. Nipapasie uzi mkubwa. Wote, usiruke."

Ilikuwa bahati ambayo hakuna mtu aliyewahi kupewa. Ningesema, "Hapa pana mkwaruzo," angekata, basi. Labda angenipiga kofi moja. Niliukunjua wote mbele yake, yeye akihesabu hatua. Nilipofika kwenye ile ya thelathini, nilipitisha vidole juu ya ule ukali kama mtu anayempapasa paka.

"Vipi?"

"Laini. Wote ni laini."

Kioko alirudi nyumbani kabla ya Krismasi, sanduku kichwani, mchana wa jua kali. Mgeni mmoja aliyetoka mbali alikuwa amenasa nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo wa mkuki, na uzi ukakatika pale pale aliporuka. Mzungu aliushika, akauona umesuguliwa, akamwambia Kioko kwamba amekuwa akiuvulia miambani kwa siri, kwa faida yake. Kioko alikataa. Akaitwa mwongo mbele ya wenzake, na hakuna boti nyingine iliyompokea.

Baba alisikiliza yote akiwa ameketi. Kisha akasema, "Mzungu hana haja ya kukusingizia."

"Baba, uzi ulitoka hapa mzima. Musyoki aliupapasa. Mwulize."

Baba alinigeukia. Mama alinigeukia. Kioko hakugeuka hata. Alikuwa na hakika na jibu langu.

"Ulikuwa laini, baba," nilisema.

Nimewakasirikia wengi kwa siku ile. Nimemkasirikia baba, aliyemwamini mtu asiyemjua kuliko mtoto aliyemzaa, kisha akalipeleka jambo kanisani, na Kioko akatengwa na Meza ya Bwana kwa uongo ambao hakuusema. Nimewakasirikia wale wa Makindu, walioondoa msichana wao kimya kimya. Lakini hao wote walitumia maneno yangu. Kioko alikwenda Mtito Andei kuziba panchari za malori, akabaki huko. Mimi nikaenda sekondari Kitui, na sanduku nililobeba lilikuwa lile lake la bati.

Baba alikufa nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Mwaka uliofuata niliokoka. Katika mkutano wa Pasaka nilimwalika Kioko, nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda: uzi, mto, vidole, uongo wangu wa kwanza na wa pili. Nililia. Watu waliinuka wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akanikumbatia akisema mbinguni kuna sherehe. Nilipofungua macho, kiti cha Kioko kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje akifungua baiskeli yake.

"Kaka, nimesema ukweli."

"Nimesikia. Na makofi nimeyasikia." Hakupandisha sauti. "Baba ameingia kaburini akijua mimi ni mwongo. Wewe umengoja azikwe ndipo ukaokoka."

"Nilikuwa naogopa."

"Ukiwa na miaka kumi na miwili uliogopa, sawa. Ishirini? Thelathini? Nilikuwa naziba panchari barabarani, Musyoki. Ulikuwa unapita na basi, unanipungia mkono."

Akaondoka. Hatukuzungumza tena kwa miaka tisa, na tulipozungumza ilikuwa habari za shamba.

Nilipokuwa mtoto nilidhani nimeharibu uzi, na kwamba uzi hununuliwa mwingine. Nilipokua nilidhani nimesema uongo, na kwamba uongo hutubiwa. Ni uzeeni tu nimeelewa nilichomnyima Kioko. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Kioko alitaka amwamini, naye ni baba. Mtu huyo aliishi karibu miaka ishirini baada ya siku ile, akila chakula kwenye meza moja nami kila nilipokwenda nyumbani, na kila mara nilimpitishia chumvi nikanyamaza.