Mawese Kifuani

Mwanangu alitolewa kwa upasuaji kabla miezi yake haijatimia, mdogo, unaweza kumweka kwenye viganja viwili. Siku mbili homa ilinilaza nisiweze hata kumnyanyua. Muuguzi akataka mtoto akae ngozi kwa ngozi kifuani kwa mtu, apate joto. Mtu huyo akawa mama mkwe. Alimfunga kwa kitenge, akawa anambembeleza, "Hora, hora," yaani tulia, kama walivyombembeleza yeye kwao Burundi.

Homa iliposhuka nikapewa mwanangu. Akalia. Akarudishwa kwa bibi yake, akanyamaza kimya.

"Ananijua mimi," mama mkwe akacheka. "Wewe ulimbeba tu."

Alikuwa anatania, najua. Lakini mimi, niliyewahi kuwapigia vigelegele bila wivu wenzangu walioolewa kwa msafara wa magari, siku hiyo nilitamani kitenge kile kichanike. Miezi yote nilikuwa nikiota atakavyonitazama, na sasa hata kunitambua hanitambui!

Nikawaza: ni harufu. Mama mkwe anakamua mawese kule nyumbani Mwandiga, na harufu imemwingia mwilini, haitoki. Kwenye kapu la chakula alikuwa na kichupa cha mawese. Alipomlaza mtoto akatoka kwenda kufua, nikajipaka kifua kizima, nikamchukua mtoto. Akakunja uso, akageuza kichwa huku na huku, akaangua kilio wodi nzima ikageuka.

"Mama, mbona kitandani kwako kunanukia mboga?" muuguzi akauliza.

Nikamwambia ukweli, machozi yananitoka. Akacheka kwanza. Kisha akakaa.

"Ubongo wake haukuanza kazi alipozaliwa," akasema. "Sehemu ya kuhisi mguso ilitangulia, akiwa bado tumboni. Harufu yako alishaionja kwenye maji ya tumboni mwako. Masikio nayo yalikuwa yanasikia sauti yako kabla hujajifungua. Macho ndiyo ya mwisho, kwa sasa anaona karibukaribu tu, tena ukungu. Sasa wewe harufu anayoitafuta umeifunika kwa mafuta. Kanawe. Sabuni ya manukato usiguse."

Nikanawa. Nikamlaza kifuani, nikamwita taratibu. Alilia kidogo, akatulia, akanusa. Kichwa kile kidogo kikaanza kusogea, kinagonga, kinapumzika, kinasogea tena, hadi akapata ziwa. Nilibana pumzi nisimkatishe.

Mama mkwe akarudi na nguo mbichi begani. "Ehee! Mjukuu wangu anakula!"

Mtoto akasikia, akaacha kunyonya, kama anayesikiliza. Basi hata sauti hiyo aliizoea tumboni. Tuliishi nyumba moja.

"Mama," nikasema kwa heshima zote, "nakuomba kwanza unyamaze."

Akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mtoto akarudi kunyonya. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilimgeuzia mama mkwe mgongo, nikamkumbatia mwanangu, wa kwangu peke yangu.