Kitambaa cha Mama na Kompyuta Iliyozima

Leo nimemwomba Mama msamaha mbele ya fundi wa redio.

Barua pepe mnazonitumia zilikwama tangu Jumapili kwa sababu ile kompyuta ya nyumbani inayozipokea ilizima. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ilikuwa imekufa, na waranti iliisha mwaka jana.

Mimi nilishajua mkosaji. Mama hufunika kila kitu kwa vitambaa alivyofuma: redio, televisheni, hata chupa ya chai. Kompyuta ilipata cha maua mekundu. Nikamwambia, "Mama, kitambaa chako kimeipika."

Aliendelea kufuma.

Basi leo nikamleta Fundi Otieno kutoka mtaa wa Kondele. Akailaza mashine mezani, akachungulia, halafu akaomba kijiko.

Akachota wadudu wa ziwa. Wale wanaokuja kama moshi taa zikiwaka. Walikuwa wamekauka juu ya bodi kama omena, wale dagaa wa ziwani.

"Nani alitoa bati la huu upande?" akauliza.

Mimi. Nilitaka mashine ipate hewa.

"Kule kitambaa kilifunika ni safi kabisa," Fundi akasema.

Mama akainua macho. "Rudia, Fundi. Huyu hajasikia vizuri."

Fundi akasafisha bodi, akabadilisha kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, kwa zingine za televisheni mbovu, ikawaka. Kisha akasema huo upande unataka kitambaa chepesi, hewa ipite, wadudu wabaki nje.

Mama akakata uzi, akampa kitambaa chepesi. Kilitoshea sawasawa. Ndicho alichokuwa anafuma tangu Jumapili.

Haya, nichekeni. Barua zinafika sasa.