Siku Nilikuwa Mamba mu Jardin ya Ziwa

Bandugu, hii habari sikutaka kuisema, haya iko mingi, lakini vile bantu ba Baraka banaendelea kuisimulia vibaya (juzi nilisikia mu gari ya kutoka Fizi kwamba nilikula mbuzi ya mutu), afazali niiseme mi mwenyewe mwenye ilinifikia. Ukifika ku soko ukauliza nyumba ya mwalimu Asukulu, bantu batakuangalia tu. Uliza Mwalimu Mamba. Hata kuku itakuonyesha njia.

Nianze na jardin, ile bustani yetu. Kule chini, kando ya ziwa, kulikuwa fasi yenye kila mutu alikuwa anatupa takataka, mifuko ya plastiki, viatu vya kupasuka, hata mbwa zenye kufa. Mama Zaituni, muuzaji wa ndagala (zile dagaa za ziwa), mufupi, mwenye sauti ya kuita boti ikiwa bado katikati ya ziwa, akachoka na ile harufu. Akakusanya bamama benzake, Baislamu na Baprotestanti, bakafagia, bakapanda miti, bakatengeneza viti na mbao za mitumbwi ya zamani, na upande moja bakaacha matete isimame, sababu samaki zinatagaka mayai mule na ndege zinalalaka mule. Mi nilikuwa ninaleta banafunzi bangu ba mwaka wa sita pale kila Jumamosi, bahesabu ndege, bamwangilie miti maji. Miaka mine ya kazi, bandugu, na hakuna mutu alitulipa hata sabuni.

Njo Patron Sadiki, mwenye boti tatu, akaandikia chef wa quartier, mukubwa wa mutaa wetu, barua kwamba apewe ile fasi, aweke depo ya mafuta na parking ya boti zake. Chef akasema: "Nitakuja Jumamosi nione jardin yenu inasaidia bantu namna gani. Kisha nitaweka sinyatire, sahihi yangu. Ku karatasi ya nani, sijue bado."

Mama Zaituni akapanga siku nzima: asubuhi salongo, ile kazi ya bote, ya kusafisha, kisha choir, kisha yeye atasoma diskur, hotuba yake (kurasa kumi na mbili, aliiandika usiku tatu), na ku mwisho teatre, muchezo wa mamba mwenye analia juu bantu bamejaza nyumba yake na chupa. Kulikosa tu mamba. Bote bakageuka bakaniangalia, juu niko murefu na sauti yangu iko chini kabisa. Nikakubali. Hata nilifurahi, sitabishana.

Bamama balinitengenezea nguo na mifuko ya muchele, bakaipaka rangi ya kijani ya ubao wa masomo. Kichwa ilikuwa bidon (madumu ya maji) mbili za manjano zenye kukatwa, moja juu, moja chini, na meno ya sahani ya plastiki nyeupe. Mukia bakaijaza majani ya kukauka, ikakuwa murefu kupita mi mwenyewe. Fermeture, ile zipu, haikupatikana, basi bakanishona mugongoni na kamba, kutoka shingo mpaka kiuno, sawa mutu anashona gunia ya muhogo. Mama Zaituni akanipeleka mu matete, akaniambia:

"Mwalimu, ukae hapa hapa. Usiingie mu maji. Ukisikia jina yako ku megafone, utoke pole pole ukilia."

"Sawa, mama."

Nilikaa. Chef hakufika. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, jua inapiga, choir inarudilia ile wimbo moja (ile yenye beti kumi na moja, na beti ya inne banaipendaka sana, banaiimba mara tatu), na mi ndani ya mifuko ya muchele ninaiva kama muhogo mu sufuria. Jasho inaingia mu macho na mikono haifike ku macho. Njo nikajiambia: Asukulu, maji iko hapa, uingie mpaka ku magoti tu, upate baridi kidogo, nani atajua?

Njo pale nilijiharibia maisha.

Niliingia ku magoti, ikakuwa muzuri. Nikaingia ku mapaja, ikakuwa muzuri zaidi. Lakini ile majani ya mu mukia ikanywa maji, ikanywa, ikanywa, mpaka mukia ikakuwa nzito kama ngombe, ikanivuta nyuma, nikajaribu kugeuka, nikaanguka na tumbo. Na bidon, munajua bidon, haizamake. Basi kichwa ikabaki juu ya maji, meno wazi, mugongo ya kijani katikati, mukia nyuma inacheza na mawimbi, na upepo kidogo ukanisukuma nje ya matete. Hata ningetaka kufanya mamba vizuri, singefanya vile.

Nikaita: "Munisaidie!" Lakini ndani ya bidon sauti yangu ilitoka "Buuuuuu!"

Ile saa mutumbwi ulikuwa unakuja kutoka Ubwari na bavuvi babili, muzee moja na kijana moja, bamejaza ndagala. Hata habakujua kama kuko teatre.

"Mamba!" muzee akasema.

"Muzee, hii mamba iko na rangi gani?"

"Rangi ya nini? Piga kichwa!"

Kijana akanipiga na kasia. Bidon ikalia ngooo, kama kengele ya kanisa, na mi ndani nikaona nyota za muchana. Nikavuta pumuzi yote nikapiga kelele: "Musinipige! Niko mwalimu wa mwaka wa sita!"

Yenyewe ilitoka wazi kabisa. Nilikuwa nafikiri itanisaidia. Muzee akaniangalia mu meno, akasema pole pole, "Inaongea," kisha akaruka mu maji. (Mutu anakimbia mamba, anaruka mu maji! Mupaka leo tukikutana tunaangalia chini, yeye na mi.) Kijana yeye alibaki, akachukua wavu, akanirushia, na ndagala zenye zilikuwa bado zimefungwa mu ule wavu zikanimwangikia ku mabega.

Pale njo miguu yangu ikagusa chini. Maji ilikuwa mpaka ku kiuno tu, bandugu. Ile wakati yote ningeweza kusimama.

Nikasimama. Nikatembea kuelekea bantu, juu bantu njo benye batanisaidia, si vile? Na chef wa quartier, baada ya masaa yote ile, alikuwa amefika ile dakika, amesimama mbele ya viti na Patron Sadiki kando yake, anafungua mudomo aseme "Bandugu bapendwa." Akaona matete inafunguka, na mamba inatoka, inatembea na miguu mbili, imevaa wavu, ndagala zinang'aa ku mabega kama vyeo vya jenerali, na inamunyoshea mikono.

Hakumaliza ile neno. Na ile tumbo yake kubwa, alikimbia sawa mutu mwenye hana hata tumbo. Patron Sadiki yeye akapanda mupapai. Munajua mupapai: hauwezi kubeba hata mutoto. Ukakatika katikati, yeye na mapapai bakaanguka mu shimo ya mbolea ya bamama. Choir ikasambaa, ngoma ikabaki peke yake.

Mama Zaituni akakamata megafone, akaita kwa nguvu: "Musikimbie! Ni teatre! Ndani ni mwalimu Asukulu!" Lakini mabuye (zile betri) ya megafone ilikuwa inakufa, na ile yenye bantu balisikia ilikuwa: "Mmm... kimbie... mm... ndani... mwalimu Asukulu!"

"Mamba imekula mwalimu!" mama moja akapiga kelele. "Iko naye ndani!"

Sasa munisikilize vizuri. Bantu bote balikuwa banakimbia kwenda ku barabara. Mutu moja tu alikimbia kuja kwangu. Mama Neema, bibi yangu wa ndoa, mwenye anaimbaka sauti ya kwanza mu choir, kitambaa imeanguka, viatu vimebaki, na mu mikono yake jembe ya salongo.

"Nirudishie bwana yangu!"

Nitasema kweli: ile saa nilimupenda kupita siku ya ndoa yetu, na niliogopa kupita siku yote ya maisha yangu. Nikageuka nikakimbia. Mamba mbele, bibi nyuma, tukapita viti, tukapita miche ya miti, tukatoka ku barabara kubwa, ba motari bakaacha moto zao, zile pikipiki, bakakimbia na miguu (kijinga, moto ingebakimbiza mbio zaidi), na mukia yangu inafagia mavumbi, inapiga meza za nyanya. Mbele ya duka ya sukari Mama Neema akakamata mukia, akaikalia. Nikaanguka kifudifudi. Akapanda ku mugongo wangu akaanza kunipiga na mupini ya jembe.

"Tapika! Mutapike! Ni baba ya batoto bangu!"

Bidon ya juu ikapasuka. Akainama, akachungulia, akaona pua yangu. Kisha akaniuliza na sauti ya upole yenye sikuisikia tangu Neema azaliwe:

"Baba Neema, uko muzima mule mu tumbo?"

"Mama Neema, hakuna tumbo. Ni mifuko ya muchele."

Aliangalia kamba. Aliangalia meno ya sahani. Bantu balianza kurudi pole pole, moja moja, bakifanya duara. Nikafikiri sasa atalia, ao atanikumbatia. Akanipiga tena moja, kwa nguvu, ku matako.

"Zile za kwanza zilikuwa za mamba," akasema. "Hii ni ya kwako."

Bantu balicheka mpaka bamama bengine bakakaa chini. Ilibidi baniletee kisu ya kukata samaki juu ya kunifungua, pale pale katikati ya barabara, na ndani nilikuwa nimevaa tu singlet na kaputula ya Neema ya michezo, juu ya joto. Hiyo sitaieleza.

Jumatatu Mama Zaituni na mi tukaenda ku bureau ya chef kuomba musamaha. Tulikuwa tumeshajua kama jardin imepotea. Chef alikuwa na mukono wenye kufungwa bandage. Akaniangalia muda murefu.

"Ni wewe?"

"Ni mi, chef."

Akasukuma karatasi mbele yetu. Patron Sadiki alikuwa ameondoa barua yake. Yeye mwenyewe alielewa kama ni teatre, lakini bafanyakazi bake bote balikataa kulala na boti pale, na ku Fizi na Lubondja habari ilikuwa imeshafika kwamba ziwa ya Baraka iko na mamba ya kusimama yenye inaongea Kiswahili. Chef akaweka sinyatire: jardin inabaki ya bantu.

Mama Zaituni hakufurahi vile nilifikiri. Tukarudi ku jardin, akakaa ku kiti, akasema: "Miaka mine, mwalimu. Miti, samaki, ndege. Na diskur yangu hakuna mutu aliisikia."

"Unisomee mi."

Akanisomea. Kurasa zote kumi na mbili, kusimama, na megafone yenye mabuye mapya. Ilikuwa muzuri sana, hakika, fasi ya mayai ya samaki nilitoa machozi.

Mi nimeapa mbele ya Mama Neema: munyama sitakuwa tena, hata kuku, hata njiwa ya Nuhu ku kanisa. Mwaka huu bakaniomba nikuwe kiboko, nikakataa, bakanipatia kazi ya kuwa muti. Nikasimama na matawi mu mikono, sikutembea, sikusema. Katikati ya teatre mama moja mwenye hakujua habari akatoka ku ziwa na nguo zake za kufua, akaanika kitenge yake ku mukono wangu.

Nilisimama mpaka ikakauka.