Maji ya Mapaa Yetu

Fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Tukuyu tulimzika Jumanne, kwenye migomba ya kwake, au niseme kwenye migomba michache iliyobaki. Ukuta ulimwangukia mchana, mvua ikimwagika, tukiwa wawili ndani ya nyumba yake tunahamisha magunia ya mahindi yasilowe. Mimi nilitolewa nikiwa na mguu uliovunjika. Yeye alitolewa hapumui. Redio ikasema ni mvua. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mvua ya Rungwe naijua tangu nazaliwa, na nawaambia wasomaji wangu kwamba si mvua iliyomuua.

Zamani, juu ya nyumba yake palikuwa na migomba na mianzi. Udongo ulikunywa maji kabla hayajamfikia. Leo mlima mzima ni mabati, na kila ua umemwagwa zege. Nyumba nyingi kati ya hizo alijenga yeye mwenyewe, riziki haichagui, na yeye alimwomba kila mwenye nyumba jambo moja tu: lichimbwe shimo la kupokea maji ya paa. Mwaka juzi nilimsindikiza kwa mwenye gesti iliyo juu ya nyumba yake.

"Tata, mzee wangu, hapo nyuma nakuchimbia bure."

"Hapo ni pa kuegesha magari, fundi. Bati ulipiga wewe, ulidhani maji yatapanda?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Haya. Mkisikia kishindo huko chini, mjue paa lenu limeshafika kwangu."

Sasa niwataje waliomuua. Mwenye gesti. Afisa ardhi aliyekata viwanja hadi ukingoni mwa bonde, asiache hata njia ya mtaro. Diwani wetu, ambaye mtaro huo ameuahidi kila kampeni. Na mimi. Ndiyo, mimi mnayenisoma hapa nikifoka kila wiki. Kiwanja cha gesti kilikuwa shamba langu la migomba. Mnunuzi alitaka peupe, nikaing'oa yote hadi mgomba wa mwisho. Fundi alikuja, akasimama pale akitazama. "Ndugu yangu, ungebakiza hata mistari miwili ya chini." Nikamjibu kila mtu na chake. Hakulirudia neno hilo maisha yake yote. Na siku ukuta ulipopasuka, alinisukuma mimi kwanza mlangoni.

Mazishini wote walikuja. Mwenye gesti alileta saruji ya kujengea kaburi, diwani alileta hotuba. Hotuba haijaisha, mvua ikaanza, waombolezaji wakapanda mbio kujikinga kwenye baraza la gesti. Mimi na magongo yangu nilibaki chini. Nikayaona maji yanashuka kutoka bati lile lile, meusi kwa udongo, yanalizunguka kaburi. Huko juu watu waliyaona pia. Walitazama, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Mnataka funzo. Anayejenga juu huwa anamjengea na aliye chini, apende asipende. Hilo tulilijua hata kabla hajafa, wala halikutusaidia. Mashimo aliyoyaomba hayajachimbwa. Tumechimba moja tu, na tumemlaza humo.